Kichanja kilichotangulia swali: kisa cha studio ya usanifu kwenye mwalo wa dagaa, Mwanza

Andiko la kazi lilikuwa na sentensi nne. "Buni kichanja cha kuanikia dagaa kwa ajili ya akina mama wa mwaloni. Kiwe cha bei nafuu, kibebeke na kitumie vifaa vinavyopatikana hapa hapa. Wasilisha michoro yenye vipimo, modeli ya moja kwa kumi na kichanja kimoja cha ukubwa halisi kwa kila kundi. Muda ni wiki 14."

Wanafunzi walikuwa 24, mwaka wa pili wa usanifu wa bidhaa, chini ya mkufunzi mmoja na msaidizi wake. Studio ilikuwa alasiri mbili kwa wiki, saa nne kila alasiri. Mwalo uliochaguliwa, yaani ufukwe wa kushushia samaki, uko Ilemela, kaskazini mwa jiji: dagaa humwagwa mchangani asubuhi, hufagiliwa jioni, na magunia yakishafungwa huelekea soko la Kirumba Mwaloni. Mtaala ulisema somo linafundishwa "kwa studio na kwa tatizo halisi". Muhula ulipofungwa palikuwa na vichanja vinne vilivyosimama imara, vimepigwa picha na kupewa alama za juu. Miezi miwili baadaye kimoja kilikuwa meza ya mandazi, kingine kinaanikiwa nyavu, na viwili vimeng'olewa mti mmoja mmoja mpaka yakabaki mashimo.

Kisa hiki ni cha kufundishia, hivyo chuo, mwalo na watu hawatajwi. Vipimo vilivyomo ni vya aina ambayo mtu mwenye mizani ya kuning'iniza na tepu anaweza kuvirudia kwa asubuhi moja, na tungependa avirudie.

Jibu ndani ya andiko

Kosa la kwanza lipo kwenye neno la pili la andiko: kichanja. Mwanafunzi akishapewa kichanja hana cha kutafuta. Kilichobaki ni kuchagua miti, urefu na namna ya kufunga. Hiyo ni kazi halali ya studio na inafundisha mengi, ila si kujifunza kwa tatizo. Tatizo lilikuwa limeshatatuliwa na mwalimu nyumbani kwake, wanafunzi wakaachiwa kulipamba.

Mila hizi mbili, studio na kujifunza kwa tatizo, hazina ukoo mmoja. Studio ilikulia kwenye karakana za École des Beaux-Arts ya Paris, ikapata sura nyingine Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919: mwanafunzi anatengeneza, bwana anakosoa, mwanafunzi anatengeneza tena. Kinachohukumiwa ni kitu. Kujifunza kwa tatizo kulianzia kwa madaktari, Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969. Kisha Maastricht ya Uholanzi, katika miaka ya 1970, ikaupa utaratibu huo hatua saba: kuelewana maneno, kulitaja tatizo, kumwaga mawazo, kuyapanga, kuandika tusichokijua, kwenda kukitafuta kila mtu peke yake, na kurudi kuelezana. Huko kinachohukumiwa ni swali na njia ya kulijibu. Mgonjwa wa karatasini hapewi hata kidonge.

Mkufunzi akizishona pamoja bila kuuona mshono, ile yenye nguvu humeza nyenzake, na kwenye chuo cha usanifu yenye nguvu ni kitu. Kitu kinapigwa picha, mkuu wa idara anakipitisha mbele ya wageni. Daftari la maswali halina mtazamaji. Hata jedwali la alama lilisema hivyo hivyo: michoro na modeli 60, uwasilishaji 25, ripoti 15. Kazi ya uwanjani haikuwa na alama hata moja, na wanafunzi, ambao si wajinga, wakaisoma ishara hiyo wiki ya kwanza.

Ziara tatu, mbalamwezi tatu

Ziara ziliwekwa Alhamisi ya wiki ya 2, ya 6 na ya 10, kwa basi la chuo, kufika mwaloni saa nne asubuhi. Kwenye karatasi hakuna kasoro.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola, lakini kazi ni ile ile: mwanga huwakusanya dagaa, wavu huwachota. Mwezi ukikua, taa inapoteza kazi. Mitumbwi huvutwa ufukweni, wavuvi wengi huenda kusalimia makwao, na mwalo unapumzika mpaka giza lirudi. Alhamisi ya wiki ya 2 iliangukia mwezi mpevu. Wanafunzi walikuta mchanga mtupu, vijana wakishona nyavu, na akina mama wachache wenye muda mwingi wa kujibu dodoso. Walijibu kwa adabu. Kila aliyeulizwa kama angependa kupata kichanja alisema ndiyo. Nani atamkatalia mgeni mwenye daftari kitu cha bure?

Ingekuwa ajali ya siku moja isingeumiza. Mtego uko kwenye hesabu: kutoka wiki ya 2 hadi ya 6 ni siku 28, na mwezi hujirudia kila baada ya siku 29 na nusu. Kwa hiyo ziara ya pili iliangukia siku moja na nusu kabla ya mwezi mpevu, na ya tatu siku tatu kabla. Muhula mzima, ziara tatu, hakuna mwanafunzi aliyeona dagaa mbichi akishushwa. Ratiba ya kila wiki nne inafuata mwezi bila kujijua. Ukiikosea ziara ya kwanza umezikosea zote, na ukiipatia ya kwanza, zote zitakuwa gizani.

Hata giza lingekuwepo, saa nne asubuhi ni kuchelewa. Mitumbwi hurudi alfajiri, ndoo hupimwa na kulipiwa pale pale kwenye maji, na jua linapoanza kuwa kali uanikaji umekwisha. Anayefika saa nne anaona dagaa waliokwisha tandazwa na watu waliokaa kivulini, naye huandika kwenye ripoti kwamba kazi ya kuanika si nzito.

Ndoo moja

Kundi moja halikuridhika. Wiki ya 12, giza la mwezi likiwa limeshaingia, watu sita walikipakia kichanja chao kwenye guta wakafika mwaloni saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mmeniletea kitanda?"

"Kichanja, mama. Cha kuanikia."

"Kinaingia ndoo ngapi?"

Hakuna aliyewahi kuhesabu. Wakaanika mbele yake. Ndoo moja ya lita 20, kama kilo 18 za dagaa wabichi, ilijaza kichanja chote, mita 1.2 kwa mita 6, na wachache wakabaki kwenye ndoo.

"Mimi ninazo kumi na nne," alisema. "Hizi kumi na tatu niwaanike mgongoni?"

Hesabu ambayo ingefanyika wiki ya 2 ni hii. Dagaa akilazwa tabaka moja, bila kupandana, mita moja ya mraba hubeba kilo mbili na nusu hivi. Kichanja kile kina mita za mraba 7.2, yaani ndoo moja. Ndoo 14 zinataka vichanja 14, mita za mraba 100 za wavu, pamoja na njia ya kupita mtu mwenye ndoo kati ya kimoja na kingine. Kila kichanja kiliwagharimu wanafunzi shilingi 185,000 kwa miti ya mkaratusi, wavu, misumari na kamba. Mara 14 ni shilingi 2,590,000, kwa mtu ambaye hata kipande cha mchanga anachoanikia anakikodi. Kisha muda: kumwaga ndoo na kuitawanya mchangani kulichukua dakika tatu, kuilaza kwenye kichanja kwa mkono, dakika 12. Kwa ndoo 14 ni dakika 42 dhidi ya dakika 168, karibu saa tatu, na ndoo ya mwisho inakaa kivulini ikianza kulegea matumbo wakati ya kwanza imeshashika ngozi.

Kichanja chenyewe si kitu kibaya, na hilo lisemwe mapema kabla mtu hajaanza kukitetea. Kinaondoa mchanga, hewa inapita chini, na dagaa asiye na mchanga huenda mezani kwa watu badala ya kusagwa chakula cha kuku. Penye eneo na mtaji kinafanya kazi. Tunachokikosoa ni kwamba wanafunzi 24 walisubiri wiki 12 kujua jambo linalojulikana kwa ndoo moja na saa ya mkononi.

Kichanja kilifundisha mengine pia asubuhi ile, yale ambayo modeli ya moja kwa kumi haiwezi kuyasema. Wavu ulifungwa pembeni tu, bila mti wa kati. Kilo 18 zilipokaa juu yake ulibonyea kama machela, dagaa wakateleza katikati, na tabaka moja likawa matatu. Kufikia adhuhuri wa pembeni walikuwa wanavunjika na wa katikati bado wanateleza mkononi. Dawa yake ni vijiti vya kukingama kila sentimita 60, na chini ya wavu wa dagaa kuweka wavu mzito zaidi wa kubeba uzito. Waya wa banda la kuku unavutia kwa bei, lakini unyevu na chumvi ya samaki huula, na kutu humpaka dagaa rangi ambayo mnunuzi huiona kabla hajauliza bei. Modeli ya karatasi ngumu na uzi haibonyei, na dagaa wa modeli hawana uzito. Ndiyo maana wiki sita za kriti, yaani vikao vya kukosoa kazi, hazikuliona hilo.

Saa za mezani

Kriti, kama wanafunzi wanavyoiita, ilikuwa ya aina mbili: ya mezani kila wiki, na ya juri wiki ya 8 na ya 14. Hii ya mezani ndiyo moyo wa studio, na ndiyo iliyokufa kimya kimya.

Dakika 20 kwa kila mwanafunzi, wanafunzi 24, ni dakika 480, yaani saa nane: studio yote ya wiki. Mkufunzi akiketi na kila mmoja hana dakika ya kuzunguka, wala ya kusimamisha darasa akaonyesha kosa linalojirudia kwenye meza saba. Kwa hiyo alifanya kinachofanywa na wengi. Alikaa kwa wale waliokuwa na mchoro mzuri wa kujadili, na wasio na mchoro wakajifunza kukaa mbali. Waliokuwa na mashaka halisi, kwa mfano binti mmoja aliyeuliza wiki ya 4 kama akina mama wanamiliki sehemu wanazoanikia, walijibiwa "hilo liweke kwenye ripoti", wakarudi kuchora pembe za miguu.

Swali lile lilikuwa la maana kuliko michoro yote. Vichanja viwili kati ya vinne viliundwa na miguu ya kuchimbiwa na kumwagiwa zege. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa maji. Mwalo wote umo ndani ya mita hizo. Zege lilikuwa marufuku kabla halijakorogwa. Na hata bila sheria, ukingo wenyewe hautulii. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka kuipita rekodi ya 1964, na mialo mingi ikapoteza mchanga wake. Kitu cha kuanikia mahali kama hapa lazima kihame. Andiko lilisema "kibebeke", lakini hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ya juri ya wiki ya 14, wageni watatu waliketi mbele ya michoro iliyobandikwa. Waliyoyasema yaliandikwa na msaidizi. Kati ya maoni 41, maoni 26 yalihusu umbo, mistari na mpangilio wa karatasi. Tisa yalihusu vifaa. Matano yalihusu namna ya kuongea mbele ya watu. Moja lilihusu dagaa: mgeni aliuliza kama kunguru hawatakula. Juri haikukosea. Ilihukumu ilichowekewa ukutani, na ukutani hapakuwa na ndoo.

Andiko jipya

Muhula uliofuata, kwa darasa jingine la watu 24, andiko lilibadilishwa kuwa hivi:

"Ni asubuhi ya giza, msimu wa masika. Mitumbwi imeshusha saa kumi na mbili. Mama mwenye ndoo 14 amekwisha lipa. Saa moja mvua inaanza, inakatika saa nne. Ifikapo jioni sehemu kubwa ya ndoo hizo itauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa nini iwe hivyo, na nini kingeweza kubadilika, na nani, kati ya saa kumi na mbili na saa nne?"

Hakuna jina la kitu humo. Kipimo chetu cha andiko la tatizo ni hicho: futa kila nomino ya kitu kitakachotengenezwa, kisha uone kama andiko bado linasimama. Lile la kwanza linabaki tupu. Hili lina mtu, saa, hasara na mipaka. Mvua nayo haikuwekwa kwa ajili ya kukoleza. Mvua nyingi za ziwani hujijenga usiku, pale ambapo upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji, na kuwakuta waanikaji alfajiri au asubuhi, saa zile zile mitumbwi inaposhusha.

Alasiri ya kwanza ilitumika kwa hatua tano za mwanzo, makundi manne ya watu sita, kila kundi na mwenyekiti na mwandishi wanaobadilishana kila wiki. Hatua ya kwanza, kuelewana maneno, wakufunzi wengi huiruka kwa kuona haya. Ilichukua dakika 35 na ilistahili. Wanafunzi wa Dar es Salaam hawakujua kwamba "giza" hapa ni msimu wa kazi, au kwamba "sado" ni kipimo. Wa kutoka Ukerewe walijua, na kwa mara ya kwanza tangu waanze chuo wakawa walimu wa wenzao.

Hatua ya tano, orodha ya tusichokijua, ndiyo inayohitaji mkono wa mkufunzi. Kundi moja lilileta maswali 31. Yalipunguzwa kwa kanuni moja: kila swali liwe na mwenyewe, chanzo na tarehe. Chanzo ni mizani, mtu, sheria au kitabu. "Intaneti" haikukubaliwa kuwa chanzo mpaka mwanafunzi aseme anatafuta nini humo. Yakabaki tisa. Dagaa mbichi anakaa saa ngapi ndani ya ndoo kabla tumbo halijapasuka? Mchanga unaoanikiwa ni wa nani, na unalipiwaje? Ni nani anayeamua bei jioni, na anaangalia nini kwanza? Ndoo 14 zinataka mita ngapi za mraba? Mwanafunzi akija na swali kama "jamii inaonaje kuhusu ukaushaji wa kisasa" hurudishwa kiti chake. Hilo halina mizani wala mtu.

Kriti ya mezani ikawa ya kundi: dakika 40 kwa kundi, makundi manne, dakika 160 kati ya 240 za alasiri moja. Dakika 80 zilizobaki ni za darasa zima. Mkufunzi anakaa na orodha ya maswali tisa mkononi, si kalamu. Hilo lina sababu ya kimwili kabisa: mwalimu mwenye kalamu huchora juu ya mchoro wa mwanafunzi, na kuanzia dakika ile mchoro ni wa mwalimu.

Kwenda mwaloni

Mkufunzi alianza na kalenda ya mwezi, kisha akaandika ya chuo juu yake. Ziara ya kwanza iliwekwa wiki ya 3, giza totoro, na kwa kuwa hesabu ya siku 28 sasa ilikuwa upande wetu, wiki ya 7 na ya 11 nazo zikaangukia giza. Kuondoka saa kumi alfajiri. Makundi mawili kwa zamu, watu 12, kwa sababu watu 24 kwa mpigo ni mkutano wa hadhara na kila mtu mwaloni huanza kuigiza.

Vifaa kwa kila kundi: mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, tepu, kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita, saa, daftari lenye jalada gumu na penseli. Kalamu ya wino hufa kwenye karatasi yenye maji ya samaki. Dodoso lilipigwa marufuku ziara ya kwanza. Kila mwanafunzi aliwekwa na mwanikaji mmoja, akabeba ndoo zake na kuandika saa. Kiongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, alijulishwa siku tatu kabla, na ndoo iliyohitajika kwa vipimo ilinunuliwa kwa bei ya asubuhi hiyo. Mwanafunzi anayepima dagaa wa mtu bila kulipa anamchelewesha, na muda ule wa asubuhi dakika kumi ni pesa.

Wiki ya 4 ilikuwa ya jaribio, kwenye uwanja wa chuo na mwaloni kwa zamu. Ndoo moja iligawanywa sehemu nne sawa za kilo nne na nusu: mchanga, wavu mkuukuu uliotandikwa juu ya changarawe, kichanja, na jiwe. Jiwe ni la Mwanza. Miamba ya matale iko kila upande na watu wameanika juu yake tangu zamani. Kila sehemu ilipimwa uzito kila baada ya saa mbili mpaka uzito ukaacha kushuka. Kilo nne na nusu mbichi, ambazo robo tatu na zaidi ni maji, hutulia karibu na kilo moja na robo. Aliyeandika kwamba amekausha na amebaki na kilo mbili anajua bila kuambiwa kwamba bado.

Jiwe liliongoza mpaka saa sita mchana, kisha likaleta shida ambayo hakuna aliyeitabiri: lilipata moto mno, dagaa wa chini wakashika jiweni, na walipobanduliwa wakakatika vichwa. Dagaa asiye na kichwa anauzwa kama aliyekatika. Kundi lililoligundua hilo lilitumia wiki mbili kutafuta kwa nini wanikaji wazoefu hawapati shida hiyo, na jibu likawa jepesi: wanamgeuza dagaa mapema, ngozi ikianza tu kushika, kwa ufagio wa chelewa, kabla jiwe halijawaka. Hilo halimo kwenye mchoro wowote. Limo kwenye daftari la mwanafunzi mmoja, ukurasa wa 22, na saa imeandikwa pembeni.

Wiki ya 14 makundi manne yalileta mambo manne yasiyofanana. Moja lilileta wavu mkuukuu ulioshonewa kamba pembeni, mita 2 kwa 10, wa kutandika juu ya changarawe na kukunjwa na watu wawili kwa chini ya dakika moja mvua ikija. La pili lilileta utaratibu wa pipa la maji ya chumvi wa kuwashikilia dagaa saa tatu za mvua, pamoja na hesabu ya chumvi kwa ndoo. La tatu lilileta kichanja, ndiyo, lakini kimoja cha kundi la akina mama watano, kwa ajili ya ndoo zile tu zilizokusudiwa mnunuzi wa daraja la kwanza, chenye miguu ya kuchomeka. La nne halikuleta kitu cha kushika. Lilileta ramani ya mchanga, miamba na njia za maji ya mvua, na pendekezo la nani aanike wapi masika. Juri iliyumba hapo. Mgeni mmoja alitaka kulipa kundi hilo sifuri kwa michoro, na kwa jedwali la zamani angekuwa na haki.

Jedwali jipya lilikuwa hivi: daftari la uwanjani 25, andiko la tatizo lililoandikwa upya na kundi 20, jaribio lenye vipimo 25, michoro na modeli 20, mchango ndani ya kundi 10. Kundi la ramani lilipata 74. La wavu lilipata 81, ingawa michoro yake ilikuwa mibaya kweli kweli, na mkufunzi hakujisumbua kuwaficha hilo.

Palipobaki kuuma

Abiria wapo. Kwenye makundi ya watu sita, wawili hivi walibebwa, na alama 10 za mchango ni chache mno kuwashusha. Daftari la mtu binafsi lilisaidia kidogo, kwa sababu daftari lenye saa, uzito na matone ya maji ya samaki ni gumu kunakili usiku mmoja kabla ya kukusanya. Wapo waliojaribu, waliandika mvua siku ambayo wenzao wote wameandika jua.

Akina mama nao wana lao. Mihula miwili mfululizo kwenye mwalo mmoja inatosha. Mmoja aliuliza, bila hasira, wale wa vichanja walikwenda wapi. Tangu hapo chuo kinabadilisha mwalo kila mwaka na kurudi na matokeo yaliyobandikwa kwenye banda la BMU, karatasi moja, herufi kubwa, hesabu kwa ndoo na si kwa mita za mraba.

Mafunzo ya michoro yameteremka, na hilo ni la kweli. Saa zilizokwenda kwenye mizani zimetoka mahali fulani. Walimu wa mwaka wa tatu wanalalamika kwamba wanapokea wanafunzi wanaojua kuuliza lakini mikono yao mizito kwenye mchoro wa mkato. Lililofanyika mpaka sasa ni kuongeza zoezi la kuchora la saa moja mwanzoni mwa kila alasiri ya pili, wiki ya 1 hadi ya 6, kitu kimoja kwa siku: ndoo, mizani, fundo la wavu.

Muhula ujao giza la kwanza linaangukia wiki ya 1, kabla wanafunzi hawajaandika hata swali moja, na la nne linaingia wiki ya mitihani. Mkufunzi ameomba studio ianze wiki moja kabla ya masomo mengine. Ofisi ya taaluma imejibu kwamba ratiba ya muhula haibadilishwi kwa sababu ya mwezi, kwa hiyo ziara ya kwanza imewekwa wiki ya 5 na jaribio la ndoo limesukumwa hadi wiki ya 6.